Chemchemi Haisubiri Barua

Nakumbuka siku niliyopiga marufuku kuharisha katika mtaa wetu mzima wa Kamwokya. Mwanangu, usicheke. Nakuita mwanangu ingawa niko kidato cha tano na ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zibaki. Kwa yaliyonipata, nimezeeka.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Mama yangu ni mwenyekiti wa LC ya mtaa wetu, serikali ile ya chini kabisa, ambayo ofisi yake ni sebule yetu. Mvua iliponyesha vyoo vikafurika, yeye ndiye aliyeziba njia ya chemchemi ya bondeni kwa miba, akatangaza kwenye kizindaalo, zile spika zilizofungwa mlingotini sokoni. Hakuomba ruhusa. Mlipuko uliotangulia aliomba, akangoja barua ya wizara kama alivyoagizwa, na mtoto wa jirani yetu Mama Sula akazikwa kabla barua haijafika. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nadhani hawakuwa na kipindupindu siku waliyosema hivyo.

Sasa, baada ya yote hayo, bungeni kukaletwa muswada: wakati wa mlipuko amri zote zitoke wizarani, na mtaa usifunge hata kisima mpaka uandikiwe. Wenyeviti wenzake wakamchagua Mama akaseme mbele ya kamati ya wabunge. Mimi nilichemka. Lakini hasira ya mtu wa mzaha, mwanangu, hutokea mdomoni. Mtangazaji wa kizindaalo alipotoka kufuata chapati, niliingia kibandani mwake, nikashika kipaza sauti, nikajipa sauti nzito ya waziri: "Kuanzia leo ni marufuku kuharisha bila kibali. Mwenye tumbo la haraka aandike barua, angoje majibu."

Soko zima lilicheka. Simu zikarekodi. Mama akaja, akanitoa pale kwa sikio, mbele ya wauza nyanya.

Siku ya kamati alinichukua makusudi, na sare yangu ya shule. Wabunge walikuwa na maji ya chupa, kila mmoja na yake, wakijadili chemchemi yetu. Mama hakufika mbali katika maelezo yake. Mbunge mmoja aliinua simu, na sauti yangu ikajaa ukumbini.

"Nyabo Mwenyekiti," akasema, nyabo ile ya kumwita bibi kwa heshima, "hii ndiyo serikali mnayotaka tuiachie afya ya watu? Hata kizindaalo chenu kinachezewa na watoto."

Wakacheka, mwanangu. Wale wale niliowacheka mimi, sasa wanamcheka mama yangu kwa mdomo wangu.

Mama alingoja wamalize. "Mheshimiwa, huyo mtoto ni wangu, yule pale nyuma anayejificha ndani ya tai. Soko lilimjua kabla hajamaliza sentensi, nami nikamshika sikio palepale. Nyinyi mkikosea huko juu, sisi tumshike nani sikio? Mama Sula aliniuliza hivyo siku ya mazishi. Sikuwa na jibu. Labda unalo wewe."

Mbunge alifungua chupa yake, akanywa. Kifungu kile cha mtaa kungoja barua kiliagizwa kiandikwe upya. Kitarudi na sura gani, sijui, tunakivizia.

Basi shika hili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na bado wapo wanaotaka kukutandikia kutoka mbali, halafu ukijikuna wakuulize nani kakuruhusu. Usikubali asiyechota maji akutungie sheria ya maji nawe umenyamaza. Nenda ukaseme, hata wakikucheka. Ila ujue serikali ya mtaa haina bunduki wala magari ya ving'ora. Ina imani ya watu tu, na mimi niliichezea sokoni kwa kicheko cha dakika moja. Adui yako usimpe fimbo, halafu ushangae mgongo unauma.

Tulipotoka nje Mama alininyoosha tai, akasema: "Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na akunyime kipaza sauti."