Siku Walipokuja Kupima Kiwanja

Dada aliponipigia simu kutoka mtaani kwetu Ipuli kwamba kiwanja chetu kimepimwa, nilifurahi kama mjinga. Nilidhani kimechorwa mistari ya mpira, labda na magoli ya chuma yamewekwa. Kumbe mtaa mzima ulikuwa umedhani hivyo hivyo.

Hebu nikwambie kilivyokuwa tulipokuwa wadogo. Asubuhi kilikuwa cha akina bibi. Kiangazi kikikolea, bibi yangu alitandaza mikeka na kuanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba, na harufu yake tuliondoka nayo nguoni hadi darasani. Kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi. Tuliwafukuza, kisha tukala sisi, na bibi akajifanya haoni. Jioni mikeka ikikunjwa, wasichana tunaingia na rede, mchezo wetu wa kukwepa mpira. Mpira wenyewe wa soksi kuukuu, lakini ukikupata mgongoni utaukumbuka. Mtoto mgeni akisimama pembeni kwa aibu, bibi alimwambia, "Ingia, hapa hapana mlango."

Basi nikasafiri, nikakuta bikoni, zile alama za zege za mipaka ya viwanja, zimesimama pale tulipoanika. Jumamosi ukaitishwa mkutano wa mtaa. Afisa wa ardhi, kijana mpole, aliwaamkia wazee kwanza, kisha akaeleza kwamba viwanja vitauzwa kwa watu wa kujenga.

"Mkutano uliopita niliuliza kama mnakubali kiwanja kipimwe," alisema. "Mlinyoosha mikono wenyewe."

Watu wakatazamana. Ni kweli walinyoosha. Ndipo akasimama jirani yetu, aliyekuwa akianika michembe pamoja na bibi.

"Mwanangu, tulikubali kipimwe watoto wacheze. Habari za kujenga hukuzitaja."

"Lakini mama, kiwanja ni kiwanja."

"Aa, baba. Cha kuchezea hakiuzwi."

Tukacheka, ingawa roho zilikuwa juu. Afisa akaomba wanaokubali kiuzwe wanyooshe mikono. Haukunyooka hata mmoja. Mwenyekiti wa mtaa aliikalia yake kabisa. Kijana akasema atakwenda kuwaeleza wakubwa zake. Nilijisikia fahari, na nikaogopa pia, maana bikoni hazijang'olewa hadi leo.

Mengi yameshaondoka bila mkutano wowote. Bibi hayupo. Michembe sasa inaanikwa juu ya mabati, ndani ya kuta, kila mtu na yake. Rede wasichana wanaicheza shuleni tu, mwalimu akipenda.

Jioni ile nilimwita binti wa dada yangu, nikamwambia avae ndala twende kiwanjani nikamfundishe kukwepa mpira. Akavaa haraka, akafika getini, akasita.

"Kiwanja cha nani, mama mdogo?"

Utoto wangu wote sikuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo.