Nambari 6174 ilivyokaribia kuninyima mke

Wakuu, habari za mchana. Hii yangu haina chumvi, na mama watoto ameketi hapa kando anasoma ninavyoandika, kwa hivyo siwezi kuwadanganya.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa hesabu karibu na Katito, kijana, shati imepigwa pasi mpaka inakata.

Nilikuwa nimempenda Akinyi, naye pia ni mwalimu. Kwao ni Usenge.

Shida ilikuwa babake. Mzee alikuwa na mashua, na tayari alikuwa amejichagulia mkwe, jamaa wa samaki mwenye pickup. Mtu wa chaki kama mimi alimwona hana kazi.

Siku ya kujitambulisha nilienda na jagam, yule mtu wa kati anayekusemea ukweni. Kwetu mwenye kuoa hunyamaza, anaangalia miguu yake.

Njia nzima jagam aliniambia, "Omera, funga mdomo."

Ningesikia wapi?

Mzee akamwuliza jagam, "Na hii hesabu ya kijana wako inasaidia nani?" Nikaruka kabla jagam hajameza mate.

Nikatoa chaki, nikachuchumaa kwenye sakafu ya watu. Nikasema kuna nambari inaitwa 6174. Chukua tarakimu nne. Zipange kubwa kwenda ndogo, kisha uzigeuze, utoe. Jibu ulifanye hivyo tena na tena. Utafika 6174 tu, na ukifika hutoki: 7641 toa 1467 ni 6174 hiyo hiyo.

"Tarakimu zozote?" Mzee akauliza.

"Zozote, Baba!"

Jagam akafunga macho.

"Haya. Nambari ya mashua yangu ni 4444."

Nikapanga. Nikageuza. 4444 toa 4444. Jameni, sifuri!

Mashangazi wa Akinyi, waliokuwa wameketi pale kando, walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mzee akasema, "Kumbe mwalimu, safari yako yote inaishia sifuri."

Wakuu, niliumia. Nilimwona Akinyi kabisa ndani ya ile pickup.

Akinyi alikuwa analeta maji ya kunawa. Akaweka birika chini. "Baba, zikiwa sawa zote hakuna kubwa wala ndogo. Badilisha moja tu."

"4443," Mzee akasema.

Nikapanga tena. 4443 toa 3444, nikaandika 999. Akinyi akakohoa.

"Weka sifuri mbele, mwalimu. Lazima zibaki nne."

Aki, hata hiyo nilisahau! Nikaandika 0999. 9990 toa 0999 ni 8991. Ikaja 8082. Ikaja 8532. Halafu hiyo hapo, 6174.

Mashangazi wakapiga vigelegele. Mzee akamwangalia binti yake.

Somo nililopata: ukweni mwachie jagam maneno, na hilo neno "zozote" liogope, hata hesabu ina masharti. Nyinyi mliojifanya wasomi mbele ya wakwe, ilikuwaje? Semeni, tusichekwe peke yetu.

Na kwa wale watauliza Mzee alijibu nini, alimgeukia jagam akasema:

"Huyu kijana anapotea mchana kweupe. Lakini nimeona kuna mtu anataka kumrudisha njiani. Mwambie alete ng'ombe."