Alumina yangu ilifunguliwa mpakani Busia, na muhula wangu ukafunguka nayo

Wakuu, heshima kwa wakubwa, wadogo salama. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa.

Mimi ni mtu wa Kiyeyi, Tororo, upande wa Uganda. Nasoma master's ya kemia. Kazi yangu ni alumina, unga mweupe wa catalyst, yaani kichocheo: mvuke wa pombe ukipita juu yake kwenye joto, unageuka gesi ya kutengenezea plastiki. Unga ukiwa na asidi hafifu, umechoma umeme bure.

Nilikuwa naongeza hiyo asidi kwa kuloweka alumina kwenye maji yenye chumvi ya fluoride, kisha naichoma kwenye tanuri.

Kupima ni hivi: unatia rangi inayogeuka nyekundu ikikuta asidi, halafu unadondosha amine, kemikali inayozima asidi, taratibu mpaka wekundu upotee. Amine ikienda nyingi, asidi ni nyingi.

Muhula mzima, iliyolowekwa na isiyolowekwa zinatoa jibu lile lile. Supervisor akaniambia, "Owori, badilisha topic."

Nikaziba sample vizuri, nikampelekea Nekesa, rafiki yangu mwenye lab ndogo Busia upande wa Kenya, anipimie upya.

Mpakani afisa mmoja akashika chupa.

"Hii nini?"

"Alumina ya utafiti, afande. Naomba usifungue, ikinyonya unyevu inaharibika."

"Unga gani unaogopa hewa?"

Akafungua. Zote. Akanusa, akamwita mwenzake naye anuse. Zikakaa wazi mezani huku mvua inanyesha nje, mimi niko kwenye benchi nimeshika kichwa.

Nilifika kwa Nekesa nimenuna. Akazipima vile vile zilivyo.

Jibu lile lile la Tororo.

Akaniangalia. "Kule kwenu, ukitoa kwenye tanuri unapima saa ngapi?"

"Kesho yake. Foleni ni ndefu, sample zinangoja kabatini."

"Basi hata kule ulikuwa unapima unyevu. Maji ya hewani yanaifunika asidi, zote zinaonekana sawa."

Tukazichoma upya, zikapoa kwenye chombo kisichoingiza hewa, tukapima hapo hapo. Ile ya fluoride ikala amine, ikaiacha mbali ile ya kawaida.

Sikujua nicheke au nilie.

Topic imebaki. Ila supervisor anataka nirudie kila sample tangu mwanzo, na foleni ya tanuri iko pale pale.

Nilichojifunza: alumina ichome, ipoze bila hewa, ipime papo hapo. Usiilaze.

Mliowahi kuvusha sample mpakani, mlifanyaje? Tiririkeni. Afisa msimtukane, nimeshamtukana vya kutosha moyoni.