Wakusanyaji Sita kutoka Kilwa mpaka Lindi

Ukishuka Nangurukuru ukamuulizia Benedicto Likwata, watakuuliza kwanza: yupi, wa tiketi au wa sarafu? Ni huyohuyo. Kwa miaka ishirini na sita amekata tiketi za mabasi ya Dar na Mtwara kwenye kibanda cha mabati, mkabala na wauza mihogo ya kukaanga, na kwa muda wote huo abiria wamejua kwamba ukimwonyesha senti kumi ya kikoloni, ile yenye tundu katikati, atakutafutia kiti cha dirishani hata kama basi limejaa. Mkewe marehemu alikuwa akisema kwamba laiti angezaliwa na tundu tumboni, angependwa zaidi.

Alianza kwa bahati. Mzee mmoja wa Njinjo, kijijini kwao, alinunua kuku kwake akamlipa kwa sarafu ya hela ishirini, ya shaba, iliyopigwa Tabora wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mzee alidhani anampunja kijana. Likwata hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Tangu hapo akajifunza kila kitu: herufi ndogo zinazoonyesha mji ilikopigwa sarafu, miaka iliyo adimu, tofauti ya taji hili na lile. Sarafu za masultani wa Kilwa Kisiwani hakuzigusa kamwe, maana hizo ni mali ya serikali na yeye ni mtu anayeogopa barua zenye mhuri. Nyingine zote alizitaka. Alizipanga kwenye albamu za picha za harusi, kila moja na mwaka wake chini, na mtu akija kuziona alinawa mikono kwanza, halafu akamwamuru mgeni naye anawe.

Kama kuna kitu alichokuwa nacho zaidi ya sarafu, ni majivuno. Tuseme ukweli, mtu anayejua jambo ambalo jirani zake hawalijui huota pembe kidogo, na za Likwata zilikuwa zimeota vizuri.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, alipigiwa simu na binti mmoja aitwaye Naima. Alikuwa mtafiti kutoka Dar, anaandaa maonyesho madogo pamoja na kitabu kuhusu watu wa kusini wanaotunza sarafu za zamani.

"Shikamoo mzee Likwata. Nimeelekezwa kwako na watu watatu tofauti."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na pembe zikaongezeka urefu.

"Naomba unisaidie makadirio. Wakusanyaji wa kweli, siyo wa kubahatisha, kutoka huko Kilwa mpaka Lindi na vijiji vyake vya ndani, wanaweza kuwa wangapi?"

"Nipe siku tatu," akasema Likwata.

Siku tatu hizo zilikuwa tamu kwake kuliko sikukuu. Alianza na kila mtu aliyewahi kusikia ana sarafu za zamani nyumbani, akapata watu thelathini na wanane. Kisha akaanza kuchekecha kama mwanamke na ungo. Wenye sarafu chini ya kumi, nje. Waliowahi kuuza hata moja, nje. Wanaozitumia kwa waganga, nje. Romani wa Njinjo alikuwa na mkusanyo mzuri kuliko wengi, ila alikuwa akizisugua kwa majivu na ukwaju mpaka ziwake, na sarafu iliyosuguliwa, kwa Likwata, ni maiti iliyopakwa poda. Romani, nje. Jioni ya siku ya pili walibaki saba, yeye mwenyewe akiwemo.

Wa saba alikuwa Magdalena wa Nyangamara.

Huyo bibi alimfahamu. Mwaka mmoja kabla, abiria mmoja alimwambia kwamba kuna mkunga mzee kule Nyangamara mwenye kikapu kizima cha hela za Mjerumani, na Likwata akafunga kibanda chake siku mbili akaenda. Basi mpaka Lindi, akalala kwa binamu yake, asubuhi gari dogo, mwisho bodaboda, mavumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta bibi amekaa kibarazani akibangua korosho za kula nyumbani, mwembamba, macho yamefifia, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuzinunua?"

"Hapana mama. Nimekuja kuzitazama tu."

"Afadhali. Maana haziuzwi."

Kikapu chenyewe kilijaa vifundo vya vitambaa, vidogo kama gololi za watoto, zaidi ya mia mbili. Magdalena akamweleza. Katika ukoo wao wa wakunga, tangu kwa mama yake, maji ya kwanza ya kumwogeshea mtoto yalitiwa sarafu. Ililetwa na mjomba wa mtoto, na ilibidi iwe kuukuu, iliyopita mikono ya wazee, hata kama mtoto kazaliwa juzi. Sarafu mpya, alisema, bado haijajifunza kutulia nyumbani kwa mtu. Maji yakishamwagwa, sarafu ni ya mkunga. Naye huifunga kwenye kipande cha khanga ileile aliyopokelea mtoto, akaiweka. Watoto wa Kikristo, watoto wa Kiislamu, wote kikapu kimoja.

Hakuhitaji macho. Alishika kifundo, akakibonyeza kidogo, akasema: "Huyu Andrea, mtoto wa Yustina. Alitanguliza miguu, nikadhani namkosa." Akashika kingine. "Huyu Musa. Mvua ilinyesha mpaka jiko likazimika. Sasa ana duka Mtama." Akashika cha tatu. "Huyu hakukaa. Siku mbili tu. Mama yake huja kila mwaka kumshika."

Na Likwata je, alifanya nini? Alisubiri kwa adabu mpaka bibi akakirudisha kikapuni, kisha akasema, "Basi fungua, mama, tuone mwaka."

Magdalena hakupenda. Lakini mgeni ni mgeni, na huyu alitoka mbali. Alifungua vifundo thelathini hivi, kimoja kimoja, akifunga hiki kabla ya kufungua kile ili vitambaa visichanganyike. Likwata akatazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaandika. Hela moja, chakavu. Hela moja, mwaka uleule. Senti tano ya tundu, imelika. Hela moja tena. Hapakuwa na hata moja ambayo yeye hakuwa nayo, na nzuri zaidi. Akafunga daftari.

"Mama," akamwambia, kwa sauti ile ya kumweleza mtoto, "mkusanyaji hutafuta aina ambayo hana. Wewe una ileile mara ishirini."

Bibi akacheka, meno mawili. "Ileile? Mwanangu, hakuna hata wawili waliofanana."

Likwata naye akacheka. Alidhani bibi hakumwelewa.

Kwa hiyo jioni ile ya kuchekecha, alipofika kwenye jina la Magdalena, alisita kiasi cha kunywa kikombe kimoja cha chai. Hakuwahi kuuza hata moja. Hilo lilikuwa kweli, na kulikuwa na miaka ya njaa kule. Hakuwahi kuzisugua. Lakini hakujua mwaka wowote, hakujua mji wowote, na isitoshe, sita ni tarakimu yenye heshima kuliko saba. Kadiri wanavyokuwa wachache, ndivyo wewe unavyokuwa mkubwa kati yao. Hilo hakulisema hata moyoni, lakini lilikuwepo. Akampigia Naima.

"Andika sita."

"Una uhakika, mzee? Nina gari kwa siku nne tu, na hao utakaonitajia ndio nitakaowafikia. Nitawapiga picha, nitarekodi maneno yao. Kule ndani, Nyangamara na kwingineko, hakuna mtu?"

"Kuna bibi mmoja mkunga. Huyo anatunza vitambaa. Si mkusanyaji wa kweli."

"Sawa, mzee. Wewe ndiye unayejua."

Maneno hayo matatu ya mwisho yalimfurahisha wakati ule. Baadaye yalimrudia kwa namna nyingine.

Naima alikuja mwezi wa saba. Kati ya wale sita wa kweli, mmoja alikuwa ameuza zote wiki iliyotangulia ili amalizie bati za nyumba. Huseni wa Kilwa Masoko alikataa kufungua sanduku mpaka aambiwe watamlipa nini. Wengine watatu walionyesha sarafu zao na kusema, hizi hapa, nazipenda, na baada ya hapo hawakuwa na la kuongeza. Wa mwisho alikuwa Likwata mwenyewe. Alifunua albamu zake, akasoma miaka, akaeleza herufi, akaeleza mataji. Naima alisikiliza vizuri, simu yake ikirekodi. Kisha akaweka kidole juu ya hela ya kwanza.

"Hii ulipewa na nani?"

"Abiria."

"Na hii?"

"Hiyo pia abiria. Alikuwa anakwenda Mbagala, nadhani."

Binti aliuliza tena mara tano au sita, kwa upole, kisha akaacha. Likwata aliona kabisa alivyoacha. Gari lilipoondoka alikaa kibandani akiwa na kitu kinachomsumbua kifuani, na hakumaliza siku kabla ya kukijua: bibi wa Nyangamara angejibu swali lile mara mia mbili.

Angeweza kupiga simu palepale. Naima alikuwa bado mkoani Lindi, gari bado lilikuwa na siku moja. Lakini kupiga simu kulimaanisha kusema nilikosea, na kwa mtu wa miaka sitini na mitatu, aliyeulizwa kama mtaalamu na kujibu kama mtaalamu, neno hilo lina miba. Akajiambia atakwenda mwenyewe. Atakaa na bibi siku nzima na daftari jipya, ataandika jina kwa jina, atampelekea Naima kama zawadi, na hapo hakuna atakayejua kwamba alikosea. Akapanga mwezi wa nane. Mwezi wa nane kibanda kilivuja akakitengeneza. Mwezi wa tisa alikuwa na homa. Kisha msimu wa korosho ukaingia, mabasi yakajaa watu na magunia, na ni wakala gani anaacha kibanda msimu wa korosho? Akasema, baada ya Krismasi.

Mwezi wa kwanza, siku ya Jumanne, msichana mmoja alishuka kwenye basi lililotoka Lindi akiwa na kopo kubwa la maziwa ya unga amelikumbatia. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili. Akauliza kwa wauza mihogo, wakamwelekeza.

"Shikamoo babu. Wewe ndiye mzee Likwata wa sarafu?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Nani wewe?"

"Naitwa Lightness. Mjukuu wa bibi Magdalena wa Nyangamara. Bibi alituacha mwezi wa kumi na moja."

Likwata akatoka nje ya kibanda. Akampa pole, akamvutia kigoda, akamwagizia soda, na mikono yake ilikuwa inafanya yote hayo bila yeye.

"Kabla hajafa alisema hela zake nikuletee wewe," akasema Lightness. "Alisema kuna mzee wa Nangurukuru alikuja kutoka mbali kuziona, na alikuwa anaandika. Alisema kwa huyo hazitapotea."

Akafungua kifuniko, akamimina kwenye benchi la abiria.

Ziling'aa. Zaidi ya mia mbili, nyekundu kama zimetoka kiwandani leo, kila moja imesuguliwa mpaka taji na mwaka vimelika. Hapakuwa na kitambaa hata kimoja.

"Nilikaa nazo wiki mbili," akasema msichana, na alikuwa anajivunia, maskini. "Majivu na ukwaju. Zilikuwa chafu babu, zimefungwa kwenye matambara ya zamani yenye madoa ya damu. Nikaona aibu kumletea mtaalamu vitu vile. Matambara nikayachoma."

Likwata aliokota moja, akaigeuza. Nisikufiche, alitaka kupiga kelele. Lakini apige kelele kwa nani? Huyu binti alifanya kile ambacho mtu yeyote wa huku hufanya anapotaka kumheshimu mkubwa: alisafisha. Na nani aliyekuwa ameingia kwenye kibaraza cha bibi yake na kusema, fungua hivyo vitambaa, tuone mwaka?

"Umefanya kazi kubwa," akasema hatimaye.

"Kuna moja tu naiomba," akasema Lightness. Alikuwa ameinama juu ya benchi, akizipangua kwa ncha ya kidole. "Mimi nilizaliwa mikononi mwake. Mama alifariki siku ileile. Bibi alikuwa akinishikisha yangu nikiwa mdogo, kwenye kitambaa cha khanga ya mama, lakini nilikuwa mtoto, sikukumbuka ilikaa wapi. Naomba unionyeshe ni ipi, nibaki nayo. Zilizobaki ni zako."

Likwata alitazama benchi. Angeweza kuokota yoyote, nzuri nzuri, na kusema ni hii hapa. Binti angeifunga kwenye leso na kuondoka na furaha. Mkono ulianza kwenda. Akaurudisha.

"Sijui, mwanangu."

"Lakini uliziona zikiwa kwenye vitambaa. Bibi alisema alikutajia watu, na wewe ulikuwa unaandika."

"Alinitajia."

"Sasa uliandika nini?"

Kondakta wa basi la Dar alikuwa anapiga bati akiita abiria wa mwisho. Likwata alisubiri anyamaze.

"Niliandika miaka," akasema.