Bendi ya harusi ya baba imeokoka

Jamani, leo baba kaita bendi, ikaja kwaya!

Wazazi wangu wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Baba alimwahidi mama watacheza tena rumba, na bendi ile ile iliyopiga kwenye harusi yao.

Wazee wa bendi wakaingia ukumbini, hapa mtaani Mchafukoge, wamevaa majoho meupe.

"Ndugu yangu, tumeokoka," kiongozi akasema. "Siku hizi tunapiga injili tu."

Baba akakaa, kanywea.

Pambio likaanza. Gitaa likaingia.

Rumba tupu!

Mama akamvuta mkono. "Inuka, baba Neema. Gitaa hili nalijua."

Walicheza mpaka kiongozi akauliza kwa furaha, "Mzee, nawe umeokoka?"

"Bado. Miguu tu."

Haya, wachungaji wa humu, huyu tumweke upande gani?