Ijumaa Baba Alipomimina Kahawa

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa alfajiri, chumba bado kiza, na nyuma ya pazia la kanga lililotenga kitanda cha wazee wangu palikuwa na mnong'ono. Mtu anauliza habari, na mtu yule yule anajibu. Habari za mlikotoka? Kheri. Kuna jipya? Hakuna ila kheri. Kisha kikohozi kidogo, na maneno yanaanza upya, kwa Kiarabu cha Oman, kila mara kwa sauti nzito zaidi. Nilidhani baba ana mgeni. Nilipofunua pazia nikamkuta peke yake, kavaa kikoi, kauelekea ukuta, mkono kaunyoosha mbele.

"Lala, Zuwena," aliniambia. "Nnajifunza kuamkia watu."

Nikacheka mpaka nikajiziba mdomo. Baba yangu, aliyefundisha hesabu Unguja, akiamkiwa na mtaa mzima, leo anajifunza kuamkia!

Tulikuwa na miezi michache tu Mutrah, bandari ya Oman, katika chumba cha kupanga kilichonuka papa mkavu na ndimu za kuanika. Unguja, baada ya Mapinduzi, tuliambiwa sisi Waarabu, twende kwetu. Na kweli babu yangu alitoka Oman. Lakini bibi alikuwa Mnyamwezi, na baba aliichukua rangi yake yote, na pua yake, na kile kicheko chake cha kutikisa mabega. Nyumbani kwetu hilo halikuwa jambo la kuzungumzwa. Mutrah, watoto wa kisimani walilizungumza siku ya kwanza. "Binti wa mtumwa kaja," walisema, wakaniacha nichote maji mwisho.

Ijumaa hiyo baba alikuwa amealikwa barazani kwa Sheikh Hamdun, mfanyabiashara wa tende aliyeujua ukoo wa babu yangu. Ilisemekana ghalani kwake anatafuta karani. Wiki nzima mama hakuwa na maneno mengine.

"Kaa nao tu, Baba Zuwena. Kunywa kahawa yao, wakujue. Wakishakujua, hutokuwa na haja ya kwenda Kuwait."

Kuwait ndiko walikokwenda wanaume waliokosa kazi. Mwanamume mwenye watoto, mama alisema, hawezi kukaa ndani na wanawake akitazama dari.

Baba akapiga pasi kanzu yake kwa makaa, akanishika mkono, tukaenda. Kiganja chake kilikuwa maji matupu.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mazulia, wameegemea ukuta pande tatu. Mimi niliachwa pembeni ya mlango na tende moja. Mwenyeji alikuwa bado hajatoka ndani. Baba akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja, kuanzia kulia, kama inavyotakiwa. Dele, birika la kahawa, lilikuwa juu ya makaa mwisho wa mstari, na mzee wa kuimimina, mtumishi mweusi wa nyumba ile, siku hiyo hakuwapo. Baba alikuwa amefika karibu na makaa, bado amesimama, pale mtu mmoja mwenye ndevu nyeupe alipomnyooshea finjani tupu. Hakukatiza mazungumzo yake. Wala hakuinua macho.

Baba akangoja. Finjani nayo ikangoja. Kisha akainama, akalishika dele kwa mkono wa kushoto, akamimina.

Ikanyooshwa finjani nyingine. Na nyingine. Akawazungukia wote, mgongo wima, bila ya kumwaga tone. Aliyetosheka aliitikisa finjani, naye akapita. Mimi nikacheka kwa fahari, tende mkononi. Kwetu Unguja, kwenye arusi, kipenzi cha nyumba ndiye anayeshika dele, na baba kila siku alikuwa ndiye.

Ndipo Sheikh Hamdun akatoka, akakaa mahala pake. Akamwona baba, mgeni aliyemwalika. Macho yake yalisita kwenye uso, yakashuka kwenye kanzu, yakasita tena kwenye dele. Watu walikuwa wanamtazama yeye Sheikh.

Akanyoosha finjani yake.

Kurudi, tulipofika mlangoni nilimwachia baba mkono nikakimbilia ndani. "Mama! Baba kawamiminia wote kahawa! Hata Sheikh!"

Mama alikuwa anachagua mchele. Mkono ukamganda kwenye ungo. Baba alipoingia, mama hakumwamkia.

"Nawe ukamimina?"

"Nshasimama. Ningefanyaje?"

"Ungekaa!"

"Ningekaa, wangeniuliza mimi nani nikae."

"Ukawambia. Si una ulimi?"

"Sauti haikutoka," baba alisema polepole. "Na mtoto alikuwapo."

Siku chache baadaye akaja kijana wa Sheikh, akasimama kizingitini. Sheikh amependezwa, alisema. Yule mzee wake wa kahawa hajiwezi tena. Baba aje ashike dele, chakula na kanzu juu ya Sheikh.

"Mwambie ahsante," baba alijibu, akatabasamu vizuri sana. "Mwambie mikono yangu inatetemeka."

Nilikasirika. Niliona baba amepewa cheo akakikataa, akatuchagulia Kuwait. Nimefika umri wake ndipo nikauona ule uso wakati tunarudi, alivyonishika mkono huku akitazama mbele tu. Barazani mle, katika wanaume wote wale, aliyemtazama mpaka mwisho nilikuwa mimi peke yangu, nami nilikuwa nacheka kwa furaha. Hakunikatiza. Njia nzima aliniacha niirukie furaha ile, akaibeba aibu yake peke yake.

Siku ya safari ya Kuwait hakutaka tumsindikize. Alinywa chai akiwa amesimama, akampa mama mkono kama mtu wa mbali, akaniwekea kiganja kichwani. Mama aliupa mgongo mlango, akakunja mkeka usiohitaji kukunjwa. Baba akachukua sanduku lake, akatoka, akauvuta mlango kwa nje, taratibu, mpaka komeo likaingia.