Ndege Aliyetuita

Nani alianza kumwita mwenzake, ndege au mtu? Nilipokuwa mtoto, porini nje ya Chunya, nilimuuliza Bibi swali hilo, naye akaendelea kupiga mluzi kana kwamba sikusema kitu. Alikuwa akimjibu ndege wa asali, mdogo, wa kijivu, aliyekuwa juu ya mninga akilia che-che-che, akiruka, akitusubiri.

Tulimfuata. Tukichelewa, alirudi kutuita. Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulikuwa umelala chini, nami nilitembea ndani yake kama niko usingizini, nikiwa na hakika kwamba tunaongea naye.

Tulipofika kwenye nyuki, Mjomba Ambakisye, aliyekuwa amekuja kutoka machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, alipanda akarina. Desturi ya Bibi ilikuwa kumwekea ndege sega moja juu ya jani. Mjomba akatia yote ndooni.

"La mwenzetu liko wapi?" Bibi akauliza.

"Kwani Mama, ndege ana ndoo?"

"Haya, cheka. Akikuita tena atakupeleka kwa nyoka. Na mimi na macho haya, asiponiita, nyuki nitawaonea wapi?"

Kesho yake ndege akaita. Mjomba akabeba shoka, nami nyuma. Akapanda, akachungulia tunduni: koboko! Alishuka bila shoka, na kiatu kimoja kikabaki hukohuko.

Mimi nilicheka. Bibi hakucheka. Alimpa Mjomba sega, akamrudisha kulekule porini. Nikamwona mchimba dhahabu yule, mabega kama mlango, amechuchumaa chini ya mninga: "Basi, bwana, yaishe. Mimi ninunie, ila Mama usimsuse."

Akaliweka sega juu ya jani. Kisha, mbali kabisa, che-che-che. Bibi akapiga mluzi.

Juzi kwenye mdahalo chuoni, hapa Iringa, kijana mmoja aliyevaa tai shingoni alidai binadamu hawezi kamwe kuelewana na kiumbe mwenye akili tofauti na yake. Wakampigia makofi! Nilipomtaja ndege wetu, ukumbi mzima ukacheka kama Mjomba. Sawa, najua nyoka hukaa kwenye matundu, na pengine ndege hakumkasirikia mtu. Lakini aliita, tukaitika. Tulipomdhulumu, mtu mzima alienda kumwomba radhi. Sasa hayo tuyaite nini?

Bibi hayupo tena, na mininga inapungua. Wewe unayenisikiliza, ukipita kule ukamsikia, mwitikie. Na ukirina, mwachie sega moja.